Hanga Husanifiwa Kuanzia Mlangoni

Mtu anayechora hanga, yaani banda la kuhifadhia ndege, kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na paa, kwa sababu paa ndilo linaloonekana kuwa kazi yenyewe: upana mkubwa usio na nguzo katikati, kenchi ndefu, mabati mengi. Akimaliza paa huweka kuta, na mwishoni hufungua upande mmoja na kuuita mlango. Mimi, baada ya kushiriki kusanifu na kusimamia ujenzi wa hanga moja katika uwanja mdogo wa ndege kwenye nyanda kavu za kati ya Tanzania, nimeshikilia utaratibu ulio kinyume kabisa. Mlango ndio unaoamua upana wa jengo, kimo chake, upande linakotazama, ukubwa wa msingi na mteremko wa sakafu. Mlango ukikosewa, ubora wa paa hautasaidia kitu.

Uwanja wenyewe ni wa aina ambayo wasafiri wengi wa mijini hawajawahi kuuona: njia moja ya kurukia iliyojengwa kwa changarawe ya kushindiliwa, soksi ya upepo, kibanda cha mlinzi, na mbuzi ambao hawana budi kufukuzwa kabla ya ndege kutua. Ndege inayolala hapo ni Cessna 206 ya huduma za afya, inayobeba wauguzi, chanjo na wagonjwa wasioweza kusubiri barabara ikauke. Kwa miaka mingi ililala nje, imefungwa kamba kwenye vyuma vilivyozikwa ardhini. Jua lilifubaza vioo vyake vya plastiki na kukausha mipira ya milango. Baridi ya usiku iliipoza hewa iliyomo ndani ya matangi, unyevu ukawa matone ya maji, na ndiyo maana kila asubuhi rubani huchuruza mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kuyatazama kwenye chupa angavu kabla ya kuwasha injini. Ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka ulifanyika chini ya turubai, fundi akipuliza vumbi kwenye kila kifaa alichokifungua. Marubani wa maporini hujua pia kwamba fisi hutafuna matairi, na wengine huizungushia ndege boma la miiba kana kwamba ni ndama. Hayo yote ni sababu nzuri za kujenga hanga, lakini kubwa kuliko zote ni upepo.

Historia ya urukaji ina ushahidi wa mapema juu ya jambo hili. Tarehe 17 Desemba 1903, baada ya ndugu wawili Wright kuruka mara nne kwa mashine yao katika mchanga wa Kill Devil Hills, jimbo la North Carolina nchini Marekani, upepo wa ghafla uliinyanyua mashine hiyo ikiwa imesimama chini, ukaipindua na kuivunja, na haikuruka tena. Miaka mitatu kabla ya hapo, Ferdinand von Zeppelin, Mjerumani aliyeunda vyombo vikubwa vya angani vinavyoelea kwa gesi, alikuwa amelitazama tatizo la mlango na upepo kwa ujasiri ambao hadi leo unanishangaza. Banda la chombo chake cha kwanza, kilichoruka Julai 1900, lilielea juu ya maji ya Ziwa Constance likiwa limetiwa nanga upande mmoja, ili upepo uligeuze banda zima na chombo kitoke sambamba na upepo badala ya kupigwa ubavuni. Sisi wa viwanja vya changarawe hatuwezi kuligeuza jengo. Tunachagua mwelekeo mara moja, na baada ya zege kumwagwa hakuna kujuta.

Kipimo cha kwanza tulichohitaji ni cha ndege, na hapo tulikubaliana kwamba ndege iliyopo haitoshi kuwa kipimo. Cessna 206 ina mabawa yenye upana wa karibu mita 11 na mkia usiofika kimo cha mita 3, kwa hiyo hanga lake lingekuwa jengo dogo la bei nafuu. Hata hivyo, kila anayeendesha huduma ya ndege vijijini hutamani siku moja kuwa na Cessna 208B, ile Grand Caravan, kwa sababu inabeba zaidi na inatumia mafuta ya aina ya Jet A-1, ambayo ni rahisi kuyapata kuliko petroli ya ndege. Caravan hiyo ina mabawa ya mita 15.87, urefu wa mita 12.68 na mkia wa mita 4.71. Tuliongeza mita moja na nusu kila upande wa mabawa, tukapata uwazi wa mlango wa mita 19. Wapo waliosema nafasi hiyo ni ya anasa. Waliosema hivyo hawajawahi kusukuma ndege ndani ya banda usiku, mvua ikinyesha, mtu mmoja akiwa na tochi kwenye ncha ya bawa na mwingine akipiga kelele kwenye mkia. Kimo cha mlango kilikuwa mita 5.5, kwa kuwa ndege inapoinuliwa kwa jeki ili gurudumu lifunguliwe, mkia nao hupanda. Kina kilikuwa mita 18, yaani kama mita mbili na nusu mbele ya propela na kiasi hichohicho nyuma ya mkia, ambapo fundi anaweza kupita na ngazi bila kuinama. Upana wa jengo lote kati ya nguzo na nguzo ukawa mita 20.

Baada ya kimo cha mlango kujulikana, kimo cha jengo kilijitokeza chenyewe. Juu ya mlango panahitajika boriti au kenchi ya kubeba sehemu ya mbele, kwa hiyo ukingo wa chini wa paa ulifika mita 6.3, na kwa mteremko wa nyuzi 10 kilele cha paa kikafika mita 8.1. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua mahali pa kujenga. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa kanuni za viwanja vya ndege duniani, kinataka pembeni mwa njia ya kurukia kuwe na ukanda ulio wazi, na kutoka ukingo wa ukanda huo kuna uso wa kufikirika unaopanda kuelekea nje, ambao jengo lolote halipaswi kuutoboa. Kwa njia isiyo na vyombo vya kuongozea ndege, yenye namba 2 katika mgawanyo wa kanuni hizo, ukanda ni mita 40 kutoka mstari wa katikati kila upande, na uso huo hupanda mita 1 kwa kila mita 5. Tuliuhesabu uwanja wetu katika namba hiyo. Kilele cha mita 8.1 kinadai mita 40.5 za ziada, hivyo jengo halikuweza kuwa karibu zaidi ya mita 80.5 kutoka katikati ya njia. Wengi huishia hapo na kusahau kwamba ndege iliyoegeshwa mbele ya hanga nayo ni kizuizi: mkia wa mita 4.71 haupaswi kuwa ndani ya mita 63.6. Kati ya ndege na hanga panatakiwa pia mahali pa kugeuza. Tuliweka uso wa mbele wa jengo mita 95 kutoka katikati ya njia, tukapata eneo la maegesho lenye upana wa zaidi ya mita 30.

Kuna mtego mdogo katika hesabu hiyo. Kimo kinachohesabiwa hakianzi kwenye sakafu ya hanga, kinaanza kwenye usawa wa njia ya kurukia, kwa hiyo kila mita moja unayoinua sakafu kwa kuogopa mafuriko inakudai mita tano nyingine za umbali. Eneo letu lilishuka kidogo kuelekea kaskazini, na hilo lilitusaidia, ingawa lilitulazimu kuchimba mtaro mpana nyuma ya jengo.

Kuhusu mwelekeo, jiometri ya uwanja inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Waliojenga njia ya kurukia waliilaza kufuata upepo unaotawala, ambao katika nyanda hizo huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hanga likikaa kando ya njia na mlango wake ukiitazama njia, upepo wa kawaida hupita sambamba na mlango, hauingii ndani. Kilichobaki kilikuwa kuchagua upande wa kaskazini au wa kusini. Tulichagua kaskazini, mlango ukitazama kusini, kwa sababu ya jua. Katika latitudo ya nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Oktoba mwanzoni, yaani msimu mzima wa kiangazi, na wakati huo fundi anayefanya kazi karibu na mlango hukaa kivulini. Jua linapohamia kusini, mvua nazo huwa zimekaribia na mawingu hupunguza ukali wake. Hata hivyo, hakuna mwelekeo unaozuia dhoruba za mwanzo wa mvua. Hizo huja kutoka upande wowote, kwa dakika chache, zikiwa na vumbi mbele na mvua nyuma, na ndizo tulizozifanyia hesabu ya uimara.

Katika hesabu hiyo ndipo hanga linapojitenga kabisa na ghala. Ghala lenye mlango wa kawaida hupigwa na upepo kwa nje tu. Hanga lililo wazi linapopigwa kwa mbele hujazwa hewa kama mwavuli uliogeuzwa dhidi ya upepo: hewa ya ndani inasukuma paa juu, na upepo unaopita juu ya paa unalivuta juu vilevile, nguvu mbili zikiungana. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, una shinikizo la karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Ukijumlisha mvuto wa juu na msukumo wa ndani unapata takriban kilo 145 kwa mita ya mraba, zote zikielekea juu. Paa letu la mabati, papi za chuma na kenchi lilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi kwa mita ya mraba. Zinabaki kilo 120 zinazotaka kulichukua paa. Fremu zetu zilipishana mita 4.5, hivyo kila nguzo ilishika mita za mraba 45 za paa, na mvuto juu ya nguzo moja ukawa karibu kilo 5,400. Uzito wa paa unaoshuka kwenye nguzo hiyohiyo siku isiyo na upepo ni kilo 1,125 tu.

Kwa maneno mengine, msingi wa hanga hufanya kazi ya nanga zaidi kuliko kazi ya kubeba. Tulichimba mashimo ya mita 1.6 kila upande na kina cha mita 1.6, tukamwaga zege la unene wa sentimita 60 chini, kisha tukarudishia udongo wa mita moja juu yake kwa matabaka yaliyoshindiliwa. Zege hilo lina uzito wa karibu kilo 3,700, na udongo ulio juu yake, kwa kilo 1,700 kwa kila mita ya ujazo, unaongeza kilo 4,350. Jumla ni karibu mara moja na nusu ya mvuto wa upepo, hiyo ikiwa ndiyo akiba ya usalama. Msimamizi wa mafundi, mzee aliyejenga madarasa na zahanati nyingi, alitazama mashimo hayo na kuniuliza, "Bwana mhandisi, paa lenyewe ni la bati, mbona tunazika zege kama la ghorofa?" Nikamjibu, "Mzee wangu, hatulizuii lisididimie, tunalizuia lisipae." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali zaidi katika kushindilia udongo wa kurudishia, na ukali huo ulikuwa na thamani, kwa kuwa udongo uliorushwa ovyo ndani ya shimo hauna uzito unaouhesabu kwenye karatasi.

Sehemu ya eneo ilikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba mvua inapoingia na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Udongo huo hauna mjadala. Tuliuchimba wote hadi kwenye udongo mwekundu mgumu na kujaza moramu mahali pake, kwa sababu sakafu ya hanga ikiinuka sentimita mbili upande mmoja, jambo la kwanza litakaloharibika ni mlango.

Sasa niseme juu ya mlango wenyewe, ambao ulichukua muda mwingi wa mezani kuliko sehemu nyingine zote. Uwazi wa mita 19 kwa 5.5 una njia chache za kufungwa. Ipo milango ya kukunja inayopanda juu kwa mota na nyaya za chuma. Inapendeza, haichukui nafasi pembeni, na inapofunguka hutoa kivuli mbele ya jengo. Lakini uzito wake wote unaning'inia kwenye kenchi ya mbele, kenchi hiyo inanenepa, nguzo zake mbili zinanenepa, na juu ya hayo umeme wa vijijini ukikatika saa ambayo mgonjwa anasubiri, watu wanabaki kuzungusha mkono wa dharura. Yapo pia mapazia ya turubai nzito, mepesi na ya bei ndogo, ambayo jua la nyanda za kati huyala mapema. Tulichagua milango ya kusukuma kwa mkono: mbawa sita, yaani vipande sita vya mlango, zinazokaa kwenye reli tatu, tatu zikienda kushoto na tatu kulia.

Mbawa hizo zikifunguka lazima ziende mahali fulani. Zikijipanga ndani ya upana wa jengo, kila upande unapoteza upana wa ubawa mmoja, kama mita 3.3, na mlango wa mita 19 unageuka kuwa wa mita 12 na ushee. Caravan haiingii. Kwa hiyo reli zilirefushwa nje ya jengo kila upande, zikashikwa juu na fremu nyepesi ya chuma iliyosimama peke yake. Wapita njia huuliza fremu hizo ni za nini, maana jengo linaonekana kama limesahauliwa kumaliziwa.

Uzito wa kila ubawa, ukiwa fremu ya mabomba ya mraba iliyovikwa bati, unakaribia kilo 380, na tuliuweka chini, juu ya magurudumu, wala hatukuuning'iniza. Reli ya chini ndiyo iliyokuwa na mjadala mkali. Reli ya mfereji, yaani chuma chenye umbo la U kilichozikwa sakafuni, hulala sawa na zege na hairushi gurudumu la ndege, lakini katika uwanja wa changarawe mfereji huo hujaa mchanga na kokoto kila propela inapozunguka mbele yake. Tulitumia chuma cha pembe kilicholazwa kona ikitazama juu, na magurudumu yenye mfereji wa V yanayoikalia kona hiyo. Mchanga hauna mahali pa kukaa, huteleza pembeni. Kona inachomoza milimita 20 tu juu ya sakafu, zege la pande zake likiwa limepandishwa taratibu, na tairi la ndege hupita bila mtikisiko wa maana. Magurudumu yalikerezwa na fundi wa mashine ya kukereza katika mji wa jirani, na ndani yake mna beringi namba 6205, ambayo huuzwa katika maduka ya kawaida ya vipuri. Hilo lilikuwa sharti langu lisilojadilika: mlango wa uwanja wa kijijini utengenezwe kwa vitu ambavyo mtu anaweza kuvinunua kwa safari moja ya basi.

Juu, mbawa hazibebwi, zinaongozwa tu. Upepo uleule wa mita 40 kwa sekunde ukipiga ubawa wenye mita za mraba 19 unaleta msukumo wa kilo 1,900, na nusu yake hupokewa na mwongozo wa juu. Kwa hiyo kenchi ya mbele ilihitaji kuwa ngumu kwa pande mbili: kwa chini kutokana na paa, na kwa ndani na nje kutokana na mlango. Aidha, kenchi yoyote ya mita 20 hujipinda kidogo inapobeba. Tuliacha nafasi ya milimita 60 kati ya ncha ya ubawa na dari ya mwongozo, ili siku kenchi itakaposhuka milango isibanwe ikakataa kufunguka. Chini ya kila ubawa kuna komeo nzito inayoshuka kwenye tundu la zege, kwa kuwa upepo huweza pia kuivuta milango kuelekea nje.

Sakafu ni zege la sentimita 15 lenye nyavu za chuma, juu ya moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka mawili. Watu hufikiri ndege ndiyo mzigo mkubwa wa sakafu, ilhali Caravan iliyojaa haifiki tani nne, wakati gari la kuleta mafuta huwa zito kuliko hapo. Mzigo unaosumbua ni wa jeki, ambao hukusanyika kwenye bamba dogo, na kwa huo tuliagiza vipande vya bamba pana za kuwekwa chini yake. Mteremko ni 1 kwa 100 kuelekea mlangoni, kwa hiyo nyuma pamezidi mbele kwa sentimita 18. Mteremko huo unatosha kutoa maji ya kuoshea, na kuirudisha Cessna 206 yenye kilo 1,600 ndani kunaongeza msukumo wa kilo 16 tu, ambao watu wawili hawausikii. Tulikata viungio vya zege siku iliyofuata kumwaga, kila baada ya mita 4.5, na kulifunika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima. Katika hewa kavu ya kule, zege lisilonyweshwa maji hupasuka kabla hata fundi hajamaliza kulisifu.

Ndani ya sakafu hakuna shimo lolote, wala la kuchunguzia chini ya ndege wala la kupitisha maji. Mvuke wa petroli ya ndege ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa, na shimo ni mahali pake pa kujikusanya ukisubiri cheche. Maji yote hutoka nje kupitia mlangoni, na huko ndiko kulikojengwa chemba ya kutenganisha mafuta na maji. Kwa sababu hiyohiyo viwango vya Marekani vya usalama wa umeme na moto katika mahanga huihesabu hewa yote iliyo chini ya sentimita 45 kutoka sakafuni kuwa ya hatari, na vifaa vya kawaida vya umeme haviruhusiwi humo. Sisi tuliweka soketi zote kwenye kimo cha mita 1.2 na tukaacha matundu ya hewa yenye nyavu chini kabisa ya kuta, ili mvuke utoke wenyewe. Kuna pia vichwa vya shaba sakafuni vilivyounganishwa na vyuma vilivyozikwa, vya kufungia ndege waya wa kuondoa umeme tuli kabla ya mtu kugusa mafuta.

Kwenye kusimamisha fremu hatukuwa na kreni, na sikuitaka, kwa kuwa gharama ya kuileta ingekula fedha ya milango. Kila kenchi ilichomelewa mjini kwa vipande viwili vya mita 10, ikasafirishwa kwa semi, na kuunganishwa kwa bolti katikati. Kenchi nzima, yenye kilo 700 hivi, ilipandishwa kwa milingoti miwili ya bomba la chuma na cheni bloku mbili, kazi hiyo ikikamilika kabla ya saa 4 asubuhi, saa ambazo upepo bado umelala. Bolti za msingi zilikuwa zimeshikwa na kiolezo cha bamba wakati wa kumwaga zege, na mstatili wa 20 kwa 18 ukapimwa kwa mistari yake miwili ya kuvuka kutoka kona hadi kona: yote miwili ilipaswa kusoma mita 26.91. Fremu mbili za kwanza ndizo zenye hatari, kwa kuwa hazina jirani wa kuzishika. Zilifungwa kwa kamba za chuma pande zote na kuunganishwa kwa vyuma vya msalaba kabla ya kugusa ya tatu. Kisha likaja suala la mabati. Mafundi walitaka kuziba kuta tatu kwanza na kuacha mlango wa mwisho, utaratibu uliozoeleka, ambao ungetupa mfuko ulio wazi upande mmoja huku skrubu za paa zikiwa bado hazijakamilika. Ukuta wa nyuma uliachwa wazi hadi milango iliposimama, upepo ukipita kati na kutoka. Skrubu zilipangwa karibu zaidi kwenye kingo za paa na kileleni, ambako mvuto ni mkali kuliko katikati.

Vibali havikuwa na mengi ya kusimulia. Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa ajili ya vimo, halmashauri kwa ajili ya ujenzi, mazingira, zimamoto: kila mmoja anataka michoro ileile kwa ukubwa tofauti wa karatasi. Kitu kilichotusaidia ni kuchora mkato wa uwanja unaoonyesha uso ule wa kufikirika ukipita juu ya paa, kwa sababu mkaguzi aliyeuona hakuwa na swali la pili.

Wakazi wasioalikwa nao huhesabiwa wakati wa kusanifu. Kenchi za mabomba ya mraba zina viota vichache kuliko za chuma cha pembe, ambazo kila kona ni rafu ya ndege na popo, na mavi yao hula rangi na bati la ndege. Nyavu ziliwekwa kwenye kila tundu la hewa. Nyigu wa udongo ndio walionihangaisha zaidi. Februari 1996 ndege ya Birgenair aina ya Boeing 757, iliyokuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Bomba moja la kupimia mwendo lilikuwa limeziba, na walioshukiwa zaidi ni nyigu wa aina hiyo. Hanga haliwazuii kuingia, na hata huwapa kivuli wanachokipenda, kwa hiyo vifuniko vya bomba hilo vimetundikwa kwenye msumari mwekundu kando ya mlango, ambapo rubani hawezi kupita bila kuviona.

Kwa kuwa mlango uko upande wa pembetatu ya paa, maji ya mvua hushukia pande mbili ndefu na wala hayamwagiki mbele ya milango. Paa la mita za mraba 360, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hukusanya lita 216,000, na hata ukitoa sehemu ya tano kwa upotevu bado zinabaki zaidi ya lita 170,000. Sehemu hukaa kwenye tangi la zimamoto ambalo haliruhusiwi kushuka chini ya alama iliyochorwa.

Maelekezo ya matunzo yaliandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ndani ya chumba cha mlinzi. Bolti zote za fremu zikazwe baada ya msimu wa kwanza wa mvua. Magurudumu ya milango yatiwe grisi kabla ya upepo wa Agosti. Wingu jeusi likionekana, milango ifungwe na komeo zishushwe, hata kama ndege imesafiri na ndani hamna kitu. Agizo hili la mwisho mlinzi aliliona la ajabu, akaniuliza anafungia nini. Tulitembea naye hadi kwenye nguzo ya pembeni, nikamwonyesha bolti nne zinazoshika bamba lake kwenye zege, nikamweleza zinavuta upande gani milango ikiwa wazi. Siku hizi hufunga mapema hata kabla ya kuambiwa, na rubani hulalamika kwamba wakati mwingine hurudi akakuta milango imefungwa kwa wingu ambalo halikunyesha.